Mama amepata kiharusi na mlezi ni mimi peke yangu: familia nyingine hapa Mombasa hugawanaje kazi hii?

Binti wa Kisauni aliuliza:

Asalamu aleikum, na salamu kwa wote wasio wa dini yangu.

Ninaandika nikiwa kando ya kitanda cha mama yangu, mwenye umri wa miaka 78, ambaye miezi tisa iliyopita alipatwa na kiharusi kilichoupoozesha upande wake wa kushoto. Alilazwa siku kumi na mbili, akaruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa moja jioni, na tulichopewa mlangoni kilikuwa karatasi ya dawa za presha na sukari pamoja na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyenionyesha namna ya kumgeuza, kumlisha wala kumwogesha mtu mzima aliyenizidi uzito. Nilijifunza kwa kukosea, na makosa yangu aliyalipa yeye kwa maumivu.

Tunaishi ghorofa ya pili, jengo halina lifti, na maji ya mfereji hufika siku mbili kwa wiki. Siku zilizosalia hununua kwa wauza maji wa mikokoteni, mitungi minane kwa siku tangu mama aanze kushindwa kuzuia haja. Kumteremsha kwenda kliniki huhitaji vijana wawili wa mtaani, kiti cha plastiki, na tuktuk inayosubiri chini. Mwezi uliopita vijana hawakupatikana na hatukwenda.

Tumezaliwa watano. Kaka zangu wawili wako Nairobi, dada mmoja anafanya kazi Jeddah, mwingine ameolewa Lamu na ana watoto wadogo, nami kitinda mimba, ambaye sijaolewa, nikaonekana ndiye mwenye nafasi. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka kumi na mmoja. Niliomba likizo, ikaisha, nikaacha kazi. Ndugu zangu si watu wabaya, na naomba jambo hilo lieleweke kabla ya mtu yeyote kuwalaumu. Hutuma pesa kila mwisho wa mwezi, hupiga simu ya video kila jioni, na mama hufurahi kuwaona. Lakini pesa hizo huishia kwenye dawa, nepi na maji, wala katika simu zote hizo hakuna anayeuliza ni nani aliyeamka saa nane za usiku.

Sasa kumezuka jambo jingine. Mama aliuza nazi na ndizi Kongowea kwa miaka thelathini, na tangu mfungo uliopita huamka saa kumi alfajiri akijitahidi kushuka kitandani ili aliwahi soko. Nikimwambia kwamba soko aliliacha zamani, hunitazama kama mtu aliyemwibia. Asubuhi hii aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaulaza juu ya leso magotini, akawa anaupapasa polepole kama anayembembeleza mtoto wa jirani aliyeachiwa, kisha akaniuliza mama yake mtoto huyu anarudi lini.

Naomba kujua wenzangu mliopitia haya mliigawaje kazi yenyewe, mbali na kugawana gharama. Tena nataka kujua kama kumwajiri mtu wa nje amwogeshe mama ni kumtupa, kwa maana shangazi yangu ameniambia waziwazi kwamba nikifanya hivyo sitapata radhi. Na kama kuna haki yoyote serikalini kwa mzee wa aina hii, nielekezwe pa kuanzia.

Muuguzi Mstaafu wa Tudor alijibu:

Pole sana, mwanangu. Nilifanya kazi wodini miaka thelathini na mmoja, na ninakiri kwa uchungu kwamba nimewaruhusu wagonjwa wengi kurudi nyumbani kwa namna hiyohiyo uliyoieleza, karatasi mkononi na jamaa wakiwa hawajui kitu. Niruhusu nikueleze leo yale ambayo ungepaswa kuelezwa siku ile.

Nianze na akili, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kukuhadaa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee wala ni kiharusi kinaendelea. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni homa ya mapafu, ni sukari iliyoshuka, au ni upungufu wa maji mwilini, na hayo yote hutibika yakiwahiwa. Mzee hasikii kiu kama sisi. Wakati wa kaskazi, joto la Mombasa likiwa kali hata usiku, anaweza kukaa kutwa nzima bila kuomba maji na asione kasoro yoyote, mpaka jioni anaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mpe maji kidogo kidogo kwa saa, usingoje aombe. Lakini ikiwa mabadiliko yamekuja polepole kwa miezi, kama unavyoeleza, basi huenda ni maradhi ya kusahau, ambayo hufuata kiharusi kwa watu wengi. Hata hivyo mwambie daktari apime kabla hujakubali. Mtu aliyetumia dawa ya sukari ya metformin kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na upungufu huo huathiri kumbukumbu. Tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri nayo huleta hali kama hiyo, na vilevile huzuni nzito ambayo hakuna aliyeiuliza.

La pili ni kumeza. Je, mama hukohoa akinywa maji, au sauti yake hugeuka kama mtu mwenye mate kooni? Baada ya kiharusi misuli ya koo inaweza kuwa dhaifu, chakula kikapita njia ya hewa, na homa ya mapafu inayotokana na hapo ni miongoni mwa mambo yanayowaua wengi baada ya kiharusi. Usimlishe akiwa amelala. Mketishe wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kiwe kidogo, usubiri ameze ndipo uongeze, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Uji mzito humezeka kwa usalama zaidi kuliko maji matupu. Ukiona dalili hizo, hilo ni jambo la kumwambia daktari mapema.

La tatu ni ule mkono. Wengi wetu tukitaka kumwinua mgonjwa humvuta mkono, na mkono uliopooza hauna misuli ya kulishika bega, kwa hivyo bega huteguka kidogo kidogo na maumivu yake hayaishi. Usiuvute kabisa. Chukua leso, ikunje mara mbili kwa urefu, izungushe kiunoni mwake na umshike hapo. Leso nyingine itandike chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili wakishika pembe zake watamsogeza na kumgeuza bila kuikwaruza ngozi. Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana na usiku, na kila umgeuzapo tazama visigino, nyonga na mfupa wa makalio. Sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi na isiyorudi hali yake ukiibonyeza ni kidonda kilichoanza kutoka ndani, hata kama juu hakuna jeraha. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu tu, gusa pia uone kama pana joto au pamekuwa pagumu.

Kuhusu alfajiri na soko, usishindane naye. Shirika la Afya Duniani husema kwamba takriban thuluthi moja ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na yeye akiteremka kitandani peke yake kwa mguu mmoja ataanguka. Teremsha godoro liwe karibu na sakafu, acha taa ndogo iwake, na akisema anachelewa soko muulize leo nazi zimetoka wapi, bei yake ni gani. Nilikuwa na mgonjwa mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi ambaye kila usiku alitaka kung'oa nanga. Tulipoacha kumwambia kwamba hana jahazi na kuanza kumuuliza upepo unavuma kutoka wapi, alilala.

Dawa ya presha usiikatize hata siku moja kwa sababu tu anaonekana mzima. Na mazoezi ya viungo yaanze sasa, ingawa yalistahili kuanza mapema zaidi.

Mhudumu wa Kijamii, Likoni, alijibu:

Dada, ninashukuru Mama Muuguzi amelijibu la mwili kwa ukamilifu, nami nijibu la haki.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kupata utunzaji na usaidizi wa kiasi kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Vyote viwili vimetajwa pamoja, familia na Serikali, ingawa wengi wetu tumezoea kulisoma lile neno la kwanza tu. Mzee, kwa mujibu wa Katiba hiyo, ni mtu aliyepita miaka 60.

Mama yako ana miaka 78, kwa hivyo umri wake unamstahilisha kuingia katika mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na huchelewa, sitakuficha. Nenda kwa chifu wa eneo lenu au kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo ukiwa na kitambulisho chake, na useme tangu mwanzo kwamba hawezi kusafiri na kwamba wewe ndiwe utakayeandikwa kama mlezi wa kupokea kwa niaba yake. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hivyo ukiambiwa urudi, rudi.

Kuhusu matibabu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, siku ambayo kwa sadfa ulimwengu huadhimisha Siku ya Wazee. Aliyesajiliwa hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila kulipa mchango, lakini kulazwa na huduma za hospitali kubwa huhitaji michango iwe imelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na kutakiwa alipe ya mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Hapa ndipo kaka zako wanaweza kusaidia kwa mara moja: wailipe ya mwaka mzima leo, badala ya kungoja siku ya kulazwa. Kagua pia kama alama za vidole za mama zinasomeka kwenye mashine. Mwanamke aliyepasua nazi miaka thelathini vidole vyake huwa vimelainika, na nimewaona wazee wakirudishwa kwa sababu hiyo; afadhali tatizo hilo ligunduliwe siku ambayo si ya dharura.

Kwa kuwa kiharusi kimemwachia ulemavu, anaweza kupimwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha mkaomba kiti cha magurudumu. Na muulize mzee wa mtaa ni nani mhudumu wa afya ya jamii wa nyumba zenu. Mwaka 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 walipewa vifaa nchini kote, zikiwemo mashine za kupima presha na sukari, na kazi yao ni kuingia majumbani. Huyo anaweza kupanda hadi ghorofa ya pili, na vipimo atakavyoandika ukaenda navyo kliniki wewe peke yako mwezi ambao mama hawezi kuteremka.

Jambo moja zaidi, na naliandika nikiwa na hofu. Waambie majirani kwa maneno ya wazi kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo. Sisi wa Pwani tunajua yaliyowapata wazee wa Kilifi, waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, hata ikabidi pawe na makimbilio kule Kaya Godoma, Ganze. Mzee anayeongea peke yake usiku, anayetaka kutoka nje alfajiri, asiyemtambua jirani yake, ndiye anayeanza kusemwa. Jirani aliyeelezwa mapema huwa mlinzi.

Mkaazi wa Majengo alijibu:

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona shangazi asipuuzwe. Mzazi alituosha sisi kwa mikono yake, hakuajiri mtu. Nahofia tukianza kwa mtu wa kuogesha tutaishia kwenye makao ya wazee, na watoto wetu watajifunza kwetu.

Mwana wa Kuze alimjibu Mkaazi wa Majengo:

Ndugu yangu, hofu yako niliwahi kuwa nayo, na kwa sababu ya hofu hiyo baba yangu alipata kidonda cha makalio kilichofika mfupani. Nilikuwa nikimwogesha mwenyewe. Yeye alikuwa akiona haya kuvuliwa na mwanawe, mimi nilikuwa nikiona haya kumvua, kwa hivyo tulikuwa tukiharakisha sote wawili huku kila mmoja ametazama pembeni, na sehemu iliyohitaji kutazamwa ndiyo hatukuitazama. Tulipomleta kijana aliyesomea uuguzi, baba aliogeshwa taratibu, kidonda kikaonekana, kikatibiwa. Na tukumbuke kwamba mama zetu hawakutulea peke yao. Palikuwa na nyanya, na shangazi, na jirani wa ukuta mmoja, na ua ambamo mtoto alipita mkono hadi mkono. Nyumba zile zimekuwa maghorofa, na watu wale wako Jeddah na Nairobi.

Dada, kuhusu kugawana kazi, nitakueleza tulivyofanya sisi, maana swali hilo ndilo uliloanza nalo. Nilinunua daftari. Kwa wiki mbili niliandika kila kitu nilichofanya na saa niliyokifanya, kuanzia kumgeuza saa nane usiku hadi kufua mashuka, kupanga foleni ya dawa, kusubiri maji. Sikuandika malalamiko yoyote, kazi na saa tu. Kisha nilipiga picha kurasa zote nikazituma kwa ndugu zangu, na tukaitisha kikao cha familia siku ya Jumapili, ami yetu mkubwa akiwa msimamizi. Kaka yangu aliyekuwa akituma pesa nyingi kuliko wote alisoma kimya, kisha akasema hakujua kwamba usiku nao ni kazi.

Tulikubaliana mambo ambayo hadi leo tunayafuata. Mshahara wa msaidizi ulitengwa peke yake, usichanganyike na wa dawa, na kila mmoja alijua fungu lake. Kila mmoja wao angekuja Mombasa wiki mbili kwa mwaka kukaa na baba, na wakati huo mimi niwe nje ya nyumba kabisa, nisipigiwe simu kuulizwa kijiko kiko wapi. Na fedha nilizopoteza kazini kwa kupunguza saa zangu zilihesabiwa kuwa mchango wangu, zikaandikwa kama wanavyoandikiwa wao. Hilo la mwisho lilileta ubishi mkubwa. Usiliache.

Na yule utakayemwajiri, mchague mwanamke mtu mzima, aje kwanza siku tatu mkiwa wote wawili, umtazame anavyozungumza na mama kabla ya kutazama anavyomwogesha.

Mzee wa Bamburi alijibu:

Mwanangu, nina miaka 76 na kiharusi kilinipata miaka minne iliyopita, naandikiwa na mjukuu wangu maneno ninayomtajia. Nimesoma yote, na nimeona kila mtu amezungumza juu ya mama yako, wala hakuna aliyekuuliza yeye anasemaje.

Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nimekuwa mgonjwa, nami nilitaka kuulizwa. Miezi ya mwanzo watoto wangu walikuwa wakijadiliana mbele yangu nani atanipeleka choo kana kwamba nilikuwa kabati linalohamishwa. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilipoletewa kijana wa kunihudumia, hakuna aliyeniambia anaitwa nani wala atakuja hadi lini, na siku ya kwanza nilimpiga. Walisema nimekuwa mkali kwa sababu ya ugonjwa, kumbe mtu nisiyemjua alikuwa amenifungua kikoi.

Mama yako akisahau, kuna saa ambayo akili yake iko karibu. Kwangu mimi ni baada ya chai ya asubuhi. Itafute saa yake, kaa mbele yake wala usisimame juu yake, umwambie kwamba umechoka na kwamba unataka kuleta mtu. Akisema hapana, muulize anaogopa nini. Pengine anaogopa tu kuonwa, na hilo lina dawa, aogeshwe akiwa amefunikwa leso na afunuliwe mahali panapooshwa peke yake. Akisahau kesho, mwambie tena.

Na la radhi, sisi wazazi ndio tunaozitoa, shangazi hana za kutoa kwa niaba yetu. Mimi nilimwona binti yangu akisinzia huku ameshika bakuli la uji, kichwa kimeangukia ukuta, na usiku ule nililia kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya mguu wangu.

Binti wa Kisauni alirudi baada ya wiki tatu:

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Bamburi namwombea afya. Ninaleta habari kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu.

Mama alipimwa mkojo, na kweli palikuwa na maambukizi. Amemaliza dawa na maono ya usiku yamepungua, ingawa soko bado analikumbuka alfajiri. Daktari ameagiza vipimo vya damu alivyovitaja Mama Muuguzi, majibu bado. Kaka yangu mkubwa amelipa SHA ya mwaka. Vidole vitatu vya mama havikusomeka, cha nne kikasomeka. Daftari niliandika siku kumi na nne, na kikao kilifanyika kwa simu. Dada yangu wa Jeddah alilia, kaka yangu wa pili alikasirika na hadi leo hajanipigia. Tumekubaliana juu ya mshahara wa msaidizi, lakini zile wiki mbili za kila mwaka bado hazina aliyezijibu.

Msaidizi ni mama wa makamo kutoka Mtopanga. Nilimngoja mama amalize chai, nikaketi chini, nikamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mtu anajua kupasua nazi?" Nikamwambia nitamuuliza. Alipokuja, mama mwenyewe ndiye aliyemuuliza, na yule mama akajibu kwamba anajua, akaeleza anavyoishika na anapoigonga. Mama akamsahihisha. Walizungumza habari za nazi muda wote wa kuoga, leso ikiwa imemfunika, nami nilikuwa jikoni nikisikia maji yakimiminwa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitali sikuwa mimi ninayeyamimina.